Dhana isiyotamkwa imeniangusha mara tatu: niitambueje?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, ingawa sijakata tamaa. Katika muda wa miaka miwili nimefanya mara tatu mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri kimantiki, ambao ni sharti la kuingia katika masomo ninayoyataka, na mara zote nimeangushwa na maswali ya aina moja: yale yanayotoa hoja fupi kisha kuuliza ni dhana gani ambayo mwandishi ameichukulia kuwa kweli bila kuitamka. Maswali ya kudhoofisha hoja nayaweza, na ya kutafuta hitimisho pia nayaweza. Haya ya dhana hunifikisha kwenye machaguo mawili, nikasita, nikachagua, na nikija kutazama majibu nakuta nimeliacha lililo sahihi.

Naomba nikupe mifano mitatu niliyoiandika upya kwa maneno yangu. Wa kwanza ulisema: "Tangu maktaba ya chuo ianze kufungwa saa sita usiku badala ya saa mbili, wastani wa alama za wanafunzi umepanda. Kwa hiyo muda ulioongezwa maktabani ndio uliopandisha alama." Nilichagua "Wanafunzi wote waliutumia muda ulioongezwa." Jibu sahihi lilikuwa "Wapo wanafunzi walioutumia muda ulioongezwa", ambalo nililiona dogo mno, kana kwamba halisemi lolote.

Wa pili ulitoa maneno ya meneja: "Bandikeni tangazo hili leo kwenye ubao wa lango kuu ili kila mfanyakazi alione kabla ya Ijumaa." Tulitakiwa kusema, kwa kila dhana iliyoorodheshwa, kama imechukuliwa au haikuchukuliwa. Kwa kuwa mwenzangu alikuwa amenishauri nikatae kila chaguo lenye maneno makali kama "wote", "kila" na "kamwe", nilijibu kwamba dhana "Kila mfanyakazi atapita kwenye lango kuu kabla ya Ijumaa" haikuchukuliwa, na kwamba dhana "Wafanyakazi watalitii tangazo" imechukuliwa. Nikakosa zote mbili.

Wa tatu ulisema: "Tangu kamera zifungwe kwenye njia panda hii, ajali zimepungua kwa nusu. Ni dhahiri kwamba kamera zimewafanya madereva wawe waangalifu zaidi." Nililiacha jibu sahihi, "Kupungua kwa ajali hakukutokana tu na kupungua kwa magari yanayopita hapo", kwa sababu kifungu hakikugusia idadi ya magari hata kidogo.

Kazini naaminiwa kukagua hesabu za wenzangu na kugundua zilipokosewa. Hata hivyo kipengele hikihiki kimeniangusha mara tatu, kwa hiyo ni wazi kwamba sikujaliwa akili ya mantiki. Nimebakiwa na jaribio moja, miezi minne ijayo. Nifanyeje?

Msomaji wako

JIBU

Ndugu Msomaji,

Nakushukuru kwa kuleta makosa yenyewe pamoja na sababu zilizokufanya uyatende, kwa maana bila sababu hizo ningeweza kukupa maneno ya faraja tu. Nimeyasoma mara kadhaa, na ninavyoona hayo si makosa matatu. Ni kosa moja lililojitokeza kwa sura tatu. Chaguo la kwanza ulilikataa kwa kuwa lilikuwa dogo, la pili kwa kuwa lilikuwa na neno kali, la tatu kwa kuwa lilikuwa geni. Mara zote umelipima chaguo kwa umbo lake, ilhali swali lilikutaka ulipime kwa kazi linayoifanya ndani ya hoja.

Kabla ya kuirudia mifano yako, naomba tuitazame sentensi moja ya barua yako kama tungelitazama swali la mtihani. Umesema kwamba kipengele hiki kimekuangusha mara tatu, kwa hiyo hukujaliwa akili ya mantiki. Sababu uliyoitoa inahusu matokeo, na hitimisho lako linahusu maumbile. Ili mtu avuke kutoka upande mmoja hadi wa pili, hana budi kukubali, bila kuambiwa, kwamba hakuna kitu kingine kinachoweza kueleza matokeo hayo, kwa mfano njia mbaya iliyorudiwa mara tatu. Hukuiandika dhana hiyo popote, na pengine hukujua kwamba umeishika, lakini ukiiondoa sentensi yako haisimami. Isitoshe, wewe mwenyewe umeleta ushahidi wa kuipinga: unasema maswali ya kudhoofisha hoja unayaweza. Mara nyingi anayedhoofisha hoja hufanya hivyo kwa kuibomoa dhana ambayo hoja hiyo imeiegemea. Macho ya kuiona dhana unayo tayari. Kinachokosekana ni kuyatumia pale unapoulizwa moja kwa moja.

Inafaa kujua kwamba kuacha dhana bila kuitamka si hila iliyobuniwa na watahini. Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliona jambo hili alipokuwa akieleza sanaa ya ushawishi. Alitoa mfano wa mwanamichezo Dorieus: anayetaka kuwaambia watu kwamba Dorieus ameshinda shindano ambalo zawadi yake ni taji, inamtosha kusema kwamba ameshinda Olympia. Hana haja ya kuongeza kwamba mshindi wa Olympia huvikwa taji, maana hilo kila mtu analijua. Msikilizaji huijaza sehemu iliyoachwa yeye mwenyewe, na huijaza upesi kiasi kwamba haoni kama palikuwa na kitu kilichoachwa. Wepesi huo ndio unaotusaidia kuelewana katika mazungumzo ya kila siku, na ndio huohuo unaotuponza katika mtihani, kwa sababu hapo tunaulizwa kuhusu kitu ambacho akili yetu imekwisha kukijaza na kukipita.

Kwa hiyo, dhana isiyotamkwa ni kauli ambayo, ikiwa si kweli, sababu zilizotolewa hazilibebi tena hitimisho. Hapo hatuulizi kama kauli hiyo ni kweli katika maisha, wala kama mwandishi angefurahi kuisikia, wala kama ni kubwa au ya kuvutia. Tunauliza kama hoja inaweza kusimama bila hiyo. Njia ya kulijua hilo ni kulikanusha chaguo, kisha kurudi kwenye hoja na kuangalia kilichoipata.

Tujaribu kwa maktaba. Chaguo lako lilisema kwamba wanafunzi wote waliutumia muda ulioongezwa. Likanushe: si wanafunzi wote walioutumia muda huo. Je, hoja imeanguka? Haijaanguka, kwa kuwa wakiutumia robo tatu yao, au hata nusu, wastani wa alama za chuo kizima unaweza kupanda vilevile. Sasa ulikanushe lile uliloliona dogo: hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeutumia muda ulioongezwa. Hapo hoja imekwisha, kwa maana muda uliopita katika ukumbi mtupu hauwezi kupandisha alama za mtu yeyote. Dhana ya lazima mara nyingi huwa ndogo namna hii, na udogo wake si kasoro. Msumari ni mdogo kuliko mlango, lakini ukiung'oa ule ulioshika bawaba, mlango unaanguka.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watahiniwa wengi waliokwisha kufundishwa njia ya kukanusha bado hukosea kwa kukanusha vibaya, na lugha yetu ina mtego wake katika jambo hili. Ukiambiwa ukanushe "Wanafunzi wote waliutumia muda ulioongezwa", ulimi huelekea kwenye kitenzi: "Wanafunzi wote hawakuutumia muda ulioongezwa." Sentensi hiyo, kwa masikio ya wengi wetu, ina maana kwamba hakuna aliyeutumia, na ukiipeleka kwenye hoja ya maktaba, hoja inabomoka. Basi unaamini kwamba umelipata jibu, kumbe umelikanusha chaguo kupita kiasi. Kinyume cha "wote" ni "si wote", yaani yupo angalau mmoja ambaye hakufanya. Kinyume cha "wapo" ni "hakuna hata mmoja". Kinyume cha "lazima aje" ni "si lazima aje", ambayo ni tofauti kabisa na "lazima asije". Kinyume cha "mara nyingi" ni "si mara nyingi", wala si "kamwe". Nashuku kwamba hili ndilo lililokupotosha katika swali la kwanza, hasa kama ulijaribu kukanusha kimoyomoyo ukiwa na haraka. Kwa mwezi wa kwanza wa mazoezi andika kila kanusho kwa kalamu, na uanze sentensi kwa "Si kweli kwamba…", kisha ndipo uitafute njia fupi ya kulisema jambo hilohilo. Maneno hayo matatu yanakulinda dhidi ya kitenzi.

Tuje kwenye tangazo la meneja, na hapa sina budi kumpinga mwenzako, ingawa najua alikusudia mema. Ushauri wa kukata kila chaguo lenye "wote" au "kila" umeenea sana, nao una chembe ya ukweli, kwa kuwa hoja nyingi zina hitimisho la wastani na hazihitaji dhana kali. Lakini ukali wa dhana hufuata ukali wa hitimisho au wa lengo lililotajwa. Meneja hakusema kwamba anataka wafanyakazi wengi walione tangazo. Alisema kila mfanyakazi alione, kabla ya Ijumaa, na njia aliyoichagua ni moja tu: ubao wa lango kuu. Kanusha: si kila mfanyakazi atapita kwenye lango kuu kabla ya Ijumaa. Basi yupo angalau mmoja ambaye hatauona ubao huo, na lengo la meneja, kama alivyolitamka mwenyewe, halitatimia. Neno "kila" lilikuwemo katika chaguo kwa sababu lilikuwemo katika lengo. Lifute lengo hilo, uandike "ili wafanyakazi walio wengi walione", na dhana hiyohiyo itakuwa imezidi kipimo.

Kuhusu dhana ya kutii tangazo, nadhani ulivutwa na akili ya kawaida, kwa maana ni nani anayebandika tangazo asilotaka litiiwe? Lakini soma tena alichokisema. Lengo lililotajwa ni kuona. Kanusha: wafanyakazi hawatalitii tangazo. Bado inawezekana kila mmoja akaliona kabla ya Ijumaa, na agizo la kulibandika langoni likabaki na maana yake yote. Huenda meneja anatumaini watatii, huenda tangazo lenyewe ni la taarifa tu na halina cha kutiiwa. Kifungu hakihitaji jambo hilo, na kisichohitajiwa hakikuchukuliwa, hata kama ni cha kawaida kiasi gani.

Mtindo huo wa kujibu "imechukuliwa" au "haikuchukuliwa" ndio unaotumika katika sehemu ya kutambua dhana ya jaribio la Watson-Glaser, ambalo hutumiwa na waajiri wengi, hasa katika fani ya sheria. Ugumu wake ni kwamba kila dhana inasimama peke yake, na huna machaguo mengine ya kulinganisha. Katika kifungu kimoja dhana zote zinaweza kuwa zimechukuliwa, au isiwepo hata moja. Usitafute uwiano kati ya majibu, wala usibadilishe jibu la tatu kwa sababu mawili ya kwanza yalifanana.

Swali la kamera ndilo ninaloliona kuwa na funzo kubwa zaidi kwako. Ulilikataa jibu kwa kuwa lilileta jambo geni. Lakini tunatafuta kitu kisichotamkwa, na mara nyingi kisichotamkwa huwa kigeni kwa macho. Ni vyema utambue kwamba dhana hufanya kazi kwa namna mbili. Baadhi ni daraja: zinaunganisha neno lililomo katika sababu na neno jipya linalochipuka katika hitimisho. Mtu akisema kwamba ripoti fulani iliandikwa na kamati huru, kwa hiyo haina upendeleo, neno "upendeleo" limetokea kwa mara ya kwanza katika hitimisho, na dhana unayoitafuta lazima iliguse neno hilo pamoja na "kamati huru". Hizi huonekana kwa urahisi ukishazoea kupigia mstari neno lililoingia ghafla. Nyingine ni kinga. Haziunganishi maneno. Zinazuia maelezo mbadala yasiingie na kuiharibu hoja. Ajali zimepungua, na msemaji anasema ni kwa sababu ya uangalifu wa madereva. Lakini je, kama magari yenyewe yamepungua kwa sababu barabara nyingine imefunguliwa? Au kama kuna ajali ambazo siku hizi haziripotiwi? Msemaji amezipita njia hizo zote bila kuzitaja, maana yake anachukulia kwamba hazitoshi kueleza upungufu huo. Kanusha jibu lile: kupungua kwa ajali kulitokana tu na kupungua kwa magari. Hapo takwimu ya ajali haituambii tena lolote kuhusu uangalifu wa dereva yeyote.

Kila unapokutana na hoja inayotoka kwenye "B ilitokea baada ya A" kwenda kwenye "A ndiyo iliyosababisha B", tarajia dhana ya kinga, na tarajia kwamba itakuja na habari ambayo kifungu hakikuigusa. Katika hoja za namna hiyo ugeni usiwe sababu ya kulikata chaguo kabla hujalikanusha. Hii haina maana kwamba kila geni ni sahihi. Lingekuwepo chaguo lisemalo kwamba kamera hizo ni za bei nafuu kuliko za njia panda nyingine, nalo lingekuwa geni, lakini ukilikanusha hoja haitikisiki.

Zipo pia tofauti za swali lenyewe, na nimeona watu wenye uelewa mzuri wakipoteza alama hapa kwa kutolisoma swali hadi mwisho. Ukiulizwa "Hoja inategemea dhana ipi?", unatafuta dhana ya lazima, na kukanusha ndiyo njia yako. Ukiulizwa "Ni ipi kati ya hizi ambayo ikichukuliwa kuwa kweli, hitimisho litafuata bila shaka?", unatafuta dhana inayotosheleza, na hapo njia inageuka: unaliongeza chaguo kwenye sababu zilizopo kisha unaangalia kama bado kuna mwanya wowote. Rudi kwenye ripoti ya kamati huru. Kauli "Hakuna kamati ya aina yoyote inayoandika ripoti zenye upendeleo" inatosheleza kabisa, maana ukiikubali hitimisho haliepukiki, lakini si ya lazima, kwa sababu hoja haihitaji kujua lolote kuhusu kamati zisizo huru. Kauli "Inawezekana kamati huru ikaandika ripoti isiyo na upendeleo" ni ya lazima, kwani bila hiyo hitimisho haliwezi kuwa kweli, lakini haitoshelezi. Chaguo kali ambalo ni kosa katika swali la kwanza linaweza kuwa jibu katika la pili. Ndiyo maana nasema soma swali kwanza, kisha kifungu.

Kuhusu muda, nitakupa kipimo kimoja. Katika LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria Marekani, sehemu ya hoja za kimantiki huwa na maswali 24 hadi 26 kwa dakika 35, na tangu Agosti 2024 sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za aina hiyo. Hiyo ni chini ya dakika moja na nusu kwa swali, na ukijaribu kuyakanusha machaguo yote matano, hutamaliza. Kwa hiyo kabla ya kuyatazama machaguo, jaza sentensi hii kichwani: "Msemaji ametoka kwenye … akaenda kwenye …" Katika maktaba ametoka kwenye muda kuongezwa na alama kupanda, akaenda kwenye muda kuwa chanzo. Katika ripoti ametoka kwenye uhuru wa kamati akaenda kwenye kutokuwa na upendeleo. Ukiwa na sentensi hiyo, machaguo mawili au matatu yatajionyesha kuwa hayahusiani na ruko hilo, na kukanusha utakutumia kwa yale mawili yaliyobaki, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakikusitisha.

Miezi minne inatosha, mradi usianze na saa. Mwezi wa kwanza fanya maswali manane au kumi kwa siku bila kujiwekea muda, ukiandika sentensi ya ruko na kanusho la kila chaguo, hata yale uliyoyapata. Kwa kila ulilokosa andika mambo mawili: kwa nini jibu sahihi lilikuchukiza, na kwa nini jibu lako lilikuvutia. Umeshayaandika hayo kwa maswali matatu katika barua hii, na ndiyo yaliyonionyesha unapopotea. Ukiyakusanya kwa maswali mia moja, utaona mwenyewe ni sura gani inayokudanganya mara nyingi zaidi: udogo, ukali, au ugeni. Saa iingie mwezi wa tatu, kwanza kwa dakika mbili kwa swali, kisha uipunguze kidogo kidogo hadi ifikie kipimo cha mtihani wako.

Nikuombe jambo moja kabla hujaanza. Yachukue maswali ya dhana uliyoyakosa katika majaribio yako yote, kama bado unayo, uyafanye upya bila kuyatazama majibu, ukiandika kila kanusho kwa "Si kweli kwamba…". Kisha niandikie ni mangapi uliyapata safari hii, na yale yatakayokushinda uniletee kama ulivyoleta haya.

Mshauri wako